Baada ya Kukabidhiwa Kiti Mwendo

Hafla za kukabidhi viti mwendo hufanana kila mahali Afrika Mashariki. Viti vimepangwa mstari vikiwa bado na nailoni zake, mgeni rasmi anahutubia, wanufaika wanaketishwa, picha zinapigwa. Jioni watu wanatawanyika. Anayebaki na kiti pengine ni mtu ambaye miezi michache iliyopita alikuwa akitembea kwa miguu yake, na sasa yuko mbele ya nyumba yenye kizingiti, ua wa mchanga, na choo kilicho nyuma ya jiko. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kuvuka kizingiti hicho. Kiti kinachotolewa bila mafunzo ni nusu ya msaada, na jambo linalosikitisha ni kwamba nusu iliyoachwa ndiyo ya bei nafuu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 80 wanahitaji kiti mwendo, na kwamba, kutegemea nchi, ni asilimia 5 hadi 35 tu ya wahitaji hao wanaokipata. Upungufu mkubwa namna hiyo umefanya mazungumzo yote yawe ya kuhesabu viti. Lakini mwongozo wa shirika hilohilo wa mwaka 2008, uliohusu viti vya kusukuma kwa mikono katika nchi zenye rasilimali chache, ulitaja hatua 8 za huduma. Kukabidhi kiti hakukuwa hatua ya mwisho. Baada ya kumpimia mtu kiti na kukirekebisha kulingana na mwili wake yanafuata mafunzo ya mtumiaji, kisha ufuatiliaji na matengenezo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unasema zaidi: ibara yake ya 20 inazitaka nchi wanachama kuwapa watu wenye ulemavu, pamoja na wataalamu wanaowahudumia, mafunzo ya ujuzi wa kujongea. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009. Kwa hiyo anayedai kufundishwa haombi fadhila.

Wanaoanza kutumia kiti hawafanani. Wapo vijana walioumia uti wa mgongo kwa ajali za bodaboda, walioanguka kutoka kwenye minazi, miembe na mikarafuu, au walioporomoka na jukwaa la ujenzi. Wapo waliokatwa miguu kwa sababu ya kisukari, waliougua kifua kikuu cha uti wa mgongo, na wazee waliopigwa na kiharusi. Mwenye kiharusi aliyebakiwa na nguvu upande mmoja huendesha kwa mkono mmoja na mguu mmoja, hivyo anahitaji kiti kifupi, unyayo ufike chini barabara. Hapa nitamzungumzia zaidi yule ambaye mikono yake ina nguvu na miguu haina, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kwenda mbali sana kwa mafunzo kidogo, na ndiye anayepoteza mengi anapoyakosa.

Kwanza kiti chenyewe. Mwaka 1933 huko Los Angeles, Herbert Everest, mhandisi wa migodi aliyekuwa amevunjika mgongo, na rafiki yake Harry Jennings walitengeneza kiti cha mabomba ya chuma kinachokunjika na kuingia kwenye gari. Kilikuwa ukombozi kwa wakati wake. Vizazi vya kiti hicho ndivyo tunavyoviona leo kwenye korido za hospitali, na ndivyo vinavyojaa kwenye makontena ya misaada: vipana, vizito, vyenye vigurudumu vyembamba vya mbele. Vinafaa kwa mgonjwa anayesukumwa na muuguzi kwenye sakafu laini. Mpe kiti hicho mtu anayeishi Mbagala, Kibera au Makunduchi, vigurudumu vya mbele vitazama kwenye mchanga au kunasa kwenye shimo la kwanza.

Watu waliolielewa tatizo hili mapema wengi wao walikuwa wenyewe juu ya viti. Ralf Hotchkiss, mhandisi wa Marekani aliyepooza kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, alifanya kazi na mafundi wa Nicaragua kuanzia 1980 kubuni viti imara vinavyoweza kutengenezwa na kukarabatiwa mtaani. Shirika la Motivation la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1991 na wabunifu ambao mmoja wao, David Constantine, anatumia kiti mwendo, lilishirikiana na chuo cha TATCOT cha Moshi kufundisha mafundi wa viti, na limetoa viti vya magurudumu matatu ambavyo gurudumu la mbele limesogezwa mbali na miguu ili kiti kisipinduke kirahisi kwenye njia mbovu. Nayataja haya kwa sababu moja: hakuna mwalimu anayeweza kumfundisha mtu kuendesha kiti kisichomfaa. Kiti kikiwa kipana, viwiko vinatanuka na mabega yanaumia. Kipimo cha haraka ni hiki: mtumiaji akiweka kiganja juu kabisa ya ringi ya kusukumia, kiwiko kinatakiwa kikunjwe kati ya digrii 100 na 120. Mkono ukinyooka kabisa, amekaa juu mno. Ukikunjika sana, amezama.

Ujuzi wa kwanza hauna mwendo wowote ndani yake, na pengine ndiyo sababu husahaulika. Mtu asiye na hisia matakoni hawezi kusikia usumbufu unaowafanya wengine wajigeuze kitini bila kufikiri. Damu inabanwa kati ya mfupa na kiti, ngozi inakufa kimyakimya, na kinachoanza kama doa jekundu kinaweza kufika mfupani. Vidonda vya mgandamizo vimewaua watu wengi walionusurika ajali yenyewe. Daktari Ludwig Guttmann alipofungua kitengo cha majeraha ya uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, kugeuzwa kwa wagonjwa kila baada ya saa chache, usiku na mchana, kulikuwa miongoni mwa mambo ya kwanza aliyoyasimamia kwa ukali. Kwenye kiti, kazi hiyo ni ya mwenye kiti. Zamani watu walifundishwa kujiinua kwa mikono miwili. Siku hizi wataalamu wengi hupendelea kuinama mbele kifua kikielekea mapajani, au kuegemea upande mmoja kisha mwingine, kwa sababu damu inahitaji karibu dakika 2 kurudi vizuri kwenye ngozi, na ni wachache wanaoweza kujining'iniza kwa mikono muda wote huo bila kuumiza mabega. Kila nusu saa au mapema zaidi, kila siku, hata kwenye mkutano, hata kanisani au msikitini. Mama anayepika naye anahitaji onyo ambalo vitabu vingi vya Ulaya hulipitia juujuu: sufuria ya moto isipakatwe kamwe. Paja lisilo na hisia litaungua mpaka ndani bila mtu kushtuka.

Baada ya hapo, kusukuma. Anayeanza huzishika ringi kwa nguvu na kusukuma vipande vifupifupi, haraka haraka, mikono ikirudi nyuma kwa njia ileile iliyoendea. Baada ya mita 50 amechoka na anaamini mwili wake haujiwezi. Namna inayofaa ni kuanza kushika nyuma kidogo ya kilele cha gurudumu, kusukuma mbele kwa mwendo mrefu na laini, kuachia, kisha kuiacha mikono ishuke chini ya ringi na kurudi nyuma kwa kuzungusha. Msukumo mmoja mrefu unamfikisha mbali kuliko mitatu mifupi. Faida yake haiishii kwenye pumzi. Bega la binadamu halikuumbwa kuwa nyonga, na mtu anayelitumia kwa kila safari, kila kuhama kitandani na kila kuingia bafuni atalihitaji kwa miaka 40 ijayo. Mwongozo wa kitabibu uliotolewa Marekani mwaka 2005 kuhusu kuhifadhi mikono ya walioumia uti wa mgongo ulisisitiza hili hasa: punguza idadi ya misukumo, punguza nguvu ya kila mmoja, refusha mwendo wa mkono. Mtu akifundishwa vibaya wiki ya kwanza, mwili hushika mazoea hayo, na maumivu ya bega huja baadaye wakati hakuna anayekumbuka chanzo chake.

Breki za kiti mwendo ni za kuegeshea. Kwenye mteremko anayezivuta ghafla atarushwa mbele. Kasi inapunguzwa na viganja: mwili unaegemea nyuma, mikono inaiacha ringi iteleze kidogo kidogo kati ya vidole gumba na viganja, pande zote mbili kwa usawa. Mteremko mrefu huunguza mikono, hivyo glavu, hata zile za fundi ujenzi, ni kifaa cha lazima. Kupanda ni kinyume chake. Kifua kinainamishwa mbele ili kiti kisipinduke kinyumenyume, na misukumo inakuwa mifupi kwa sababu kila unapoachia ringi kiti kinataka kurudi. Ukichoka katikati ya mlima, geuza kiti kikatize mteremko na upumzike. Jambo hilo dogo limemwokoa mtu aliyedhani hana budi kufika juu kwa pumzi moja.

Ujuzi unaofungua milango mingi kuliko wote ni kunyanyua vigurudumu vya mbele. Watazamaji huuona kama mchezo wa vijana, na ndugu wengi huupiga marufuku wanapouona kwa mara ya kwanza. Nadhani kosa hili limewafungia watu ndani kuliko ngazi. Kizingiti, mfereji mdogo wa maji, reli, jiwe, ukingo wa barabara, mchanga: vyote hivi huzuia magurudumu madogo ya mbele, wala si makubwa ya nyuma. Anayeweza kuyanyanyua madogo kwa nukta moja tu anavuka. Namna yake ni kurudisha magurudumu nyuma kidogo, kisha kuyasukuma mbele kwa ghafla, mbele ya kiti ikanyanyuka. Kubaki hewani ni hatua nyingine, na hapo mwili hudanganya. Ukihisi unaanguka nyuma, hofu inakuambia sukuma, ilhali kinachotakiwa ni kuvuta ringi nyuma ili magurudumu yarudi chini ya uzito wako. Ukihisi mbele inashuka, sukuma mbele. Vichwa hulielewa hili kwa dakika moja. Mikono inahitaji siku kadhaa. Kwenye mchanga mzito hata hilo linaweza lisitoshe, na afadhali kugeuka na kwenda kinyumenyume, magurudumu makubwa yakitangulia. Watu wa pwani hujifunza hivyo mapema.

Mazoezi haya hayafanywi bila msaidizi anayejua kazi yake. Programu ya ujuzi wa viti mwendo ya Chuo Kikuu cha Dalhousie, Halifax, Kanada, iliyoendelezwa na daktari R. Lee Kirby na wenzake tangu miaka ya 1990, hutumia mkanda uliofungwa kwenye fremu nyuma ya kiti. Msaidizi anaushika ukiwa umelegea, na anaukaza pale tu kiti kinapopinduka. Anayejifunza haguswi mpaka inapobidi, kwa hiyo anajua kwamba kilichosimama kimesimamishwa na yeye. Mkanda wa begi au kamba imara ya katani inatosha. Programu hiyo inapatikana bure, na majaribio yaliyolinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa yameonyesha mara kwa mara kwamba vipindi vichache vilivyopangwa vizuri huongeza yale ambayo mtu anaweza kuyafanya. Vipindi vifupi vyenye siku za kupumzika katikati ni bora kuliko siku nzima ya kuchoshana.

Na kuanguka nako kunafundishwa. Mtu asiyejua kuanguka ataishi akiogopa kila mteremko. Kwenye godoro, msaidizi akiwa karibu, anajifunza kukibana kidevu kifuani ili kisogo kisigonge chini, kuweka mkono mmoja mbele ya magoti yasije kumpiga usoni, na kuto­jaribu kujizuia kwa mkono ulionyooshwa nyuma, maana kifundo cha mkono kikivunjika amepoteza mguu wake wa tatu na wa nne kwa pamoja. Kisha anajifunza kurudi kitini kutoka chini.

Hapo ndipo mitaala iliyoandikwa mbali inapotofautiana na maisha yetu. Katika vitabu vya kigeni, kuhama kutoka sakafuni huwekwa mwishoni, kama ujuzi wa walioendelea. Lakini kwetu chini ndiko watu wanakokula, wanakoswali, wanakochambua mchele, wanakolea watoto na kupokea wageni wa msiba. Mwanamke asiyeweza kushuka mkekani na kurudi kitini mwake amepewa kiti kinachomtenga na wanawake wenzake. Ningependa ujuzi huu uanze mapema sana, kwa hatua: kutoka kwenye kiti hadi kwenye stuli, kutoka kwenye stuli hadi kwenye kigoda, kutoka kwenye kigoda hadi chini, na kurudi vivyo hivyo. Kanuni ni moja kwa kila kuhama, iwe kitandani au kwenye bajaji: kiti kisogezwe karibu na kiwe mshazari, breki zifungwe, kichwa kiinamishwe upande ulio kinyume na unakokwenda, matako yanyanyuliwe bila kuburutwa. Kuburuta kunachubua ngozi. Choo cha kuchuchumaa ni tatizo la pekee, na jibu lake mara nyingi liko kwa seremala wa mtaa, anayeweza kutengeneza kiti imara chenye tundu katikati cha kuwekwa juu ya shimo. Mkufunzi asiyeuliza habari za choo hajamaliza kazi yake, hata kama swali linamtia haya.

Kuna ujuzi ambao hauhitaji misuli: kumwelekeza anayekusaidia. Konda wa daladala na vijana wa kituoni wana moyo, ila hushika popote. Wakiinua kwa viegemeo vya mikono au vikanyagio vinavyochomoka, vinabaki mikononi mwao na kiti kinaanguka na mtu wake. Mwenye kiti anatakiwa kuwa na sauti ya kusema, kabla hajaguswa: "Kaka, shika hapa kwenye fremu, na wewe shika mipini ya nyuma, tupande kinyumenyume, subiri nihesabu." Hata mtu ambaye mikono yake haina nguvu kabisa anaweza kuumudu ujuzi huu kikamilifu, na kwa hiyo asiambiwe kwamba mafunzo si yake. Kuna watu wazima wanaobebwa miaka mingi bila kuulizwa, mpaka wanadhani kuulizwa ni dharau kwa wanaowabeba.

Nani afundishe? Wafiziotherapia wana elimu ya mwili, na bila wao makosa ya mkao na ngozi hayaonekani. Lakini wengi wao walisoma viti mwendo kwa saa chache tu chuoni. Anayekitumia kiti kila siku anajua mambo ambayo mwenye miguu huyakisia. Nchini Uingereza shirika la Back Up, lililoanzishwa mwaka 1986, limejenga mafunzo yake juu ya wakufunzi ambao wenyewe wako kwenye viti, na ninaamini hiyo ndiyo njia inayofaa zaidi hata kwetu. Mgonjwa aliyelala wodini akimwona mwenzake mwenye jeraha kama lake akiingia mlangoni, anashuka kitini, anapanda kitandani kuketi naye na kuzungumza habari za kazi na watoto, hoja nyingi zinamalizika bila kuzungumzwa. Mkufunzi wa namna hiyo alipwe, asiitwe kujitolea kila mwaka. Na wawepo wanawake miongoni mwao. Kujihudumia wakati wa hedhi, kuvaa kanga au baibui isinase kwenye magurudumu, kumbeba mtoto mchanga pajani huku mikono yote miwili inasukuma: haya mwanamke atamuuliza mwanamke.

Kikwazo kikubwa, hata hivyo, mara nyingi kiko nyumbani na kimevaa sura ya upendo. Mama anayeukimbilia mpini wa kiti kila mwanawe anaposukuma hatua mbili anafanya hivyo kwa uchungu. Shangazi anasema, "Mwache mtoto, asihangaike." Kumkataza hakusaidii. Kinachosaidia ni kumwalika kwenye mafunzo, kumpa ule mkanda aushike, na kumfundisha kuulegeza. Akishajua kazi yake ni kuzuia anguko tu, hofu yake inapata mahali pa kukaa.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito. Wanauliza: kwa nini tumfundishe mtu kuruka ukingo wa barabara badala ya kuidai serikali ijenge njia? Kufundisha kunaweza kugeuka kisingizio: ukishindwa kuingia ofisini, kosa lako, hukujifunza. Nakubaliana na wasiwasi huo kwa moyo wote. Njia ya mteremko inayokubalika kimataifa hupanda mita 1 kwa kila mita 12 za urefu, na nyingi zinazojengwa mbele ya benki na shule zetu ni kali kiasi kwamba hata bingwa angezikimbia. Hakuna ujuzi unaohalalisha jengo la namna hiyo. Lakini anayesubiri barabara zitengenezwe ana leo ya kuishi, ana mtoto wa kupeleka shule na duka la kufungua. Isitoshe, wanaozidai njia hizo kwa nguvu ni wale wanaoweza kufika kwenye mkutano wa mtaa, kwenye ofisi ya diwani, kwenye lango la jengo lenyewe.

Linabaki suala la matengenezo, ambalo nalo ni ujuzi. Tairi lililopungua upepo linamla mtu nguvu bila yeye kujua, na linadhoofisha breki zinazobana kwenye tairi. Nywele na nyuzi zinazojizungusha kwenye ekseli za vigurudumu vya mbele ziondolewe, nati zikazwe, mto ukaguliwe kama umebonyea. Fundi baiskeli wa mtaa anaweza karibu yote haya: tyubu, njiti, beringi. Aalikwe siku moja ya mafunzo, akione kiti, aambiwe ni cha nani. Na baada ya wiki 6 hivi mtumiaji mwenyewe arudi kukaguliwa, ngozi, mabega na kiti pamoja. Anayeanza huwekewa ekseli nyuma ili kiti kitulie, ingawa hivyo kinakuwa kizito kusukuma. Akirudi na tayari anaumudu mchezo wa vigurudumu vya mbele, ekseli isogezwe mbele tundu moja, apewe spana aone inavyofanywa, na ajaribu tena mlima wa nje ya lango.